Tukikutwa na Sumu Tusiyoiona: Majibu kwa Maswali ya Wasomaji

Tulipochapisha makala kuhusu shambulio la gesi ya sarini katika treni za chini ya ardhi za Tokyo, tuliwaomba wasomaji watuandikie endapo wangehitaji ufafanuzi. Karibu barua zote zilizotufikia zinauliza jambo lile lile kwa njia tofauti: raia asiye na kifaa wala mafunzo afanye nini iwapo mtu mwenye nia mbaya atatumia kemikali, vijidudu vya maradhi au vumbi la mionzi dhidi ya umma? Niseme mapema kwamba mashambulizi ya aina hii ni nadra sana duniani, na kwa mkazi wa Afrika Mashariki lori la kemikali lililopinduka ni hatari iliyo karibu zaidi kuliko gaidi mwenye sumu mfukoni. Lakini mtu anayeanza kukohoa na kutokwa na machozi kando ya barabara hana namna ya kujua chanzo ni kipi, na wala hahitaji kujua papo hapo, kwa kuwa mengi ya kufanya katika dakika za kwanza ni yale yale.

Makala yenu ilisema zaidi ya watu 5,000 walikwenda hospitalini Tokyo, lakini waliofariki ni 14. Je, sarini si kali kama inavyosifiwa? Na hao waliofariki walikosea wapi?
*Mwalimu wa sekondari, Morogoro*

Sarini ni kali mno, Mwalimu, na idadi ndogo ya vifo isikupe faraja. Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 20 Machi 1995, wafuasi wa kundi la kidini la Aum Shinrikyo waliacha vifurushi vya sumu hiyo katika treni tano za njia tatu zinazokutana stesheni ya Kasumigaseki, penye ofisi za serikali. Wahalifu hao waliifanya kazi yao vibaya, ndiyo maana maafa hayakuwa makubwa zaidi. Hata hivyo, mtu wa 14 alifariki mwaka 2020, baada ya kuishi robo karne akiwa mlemavu wa kulala kitandani.

Siwezi kusema kwamba waliofariki walikosea, kwa sababu baadhi yao walifanya kile ambacho mtu mwema hufanya. Wafanyakazi wawili wa Kasumigaseki walikiondoa kifurushi kilichokuwa kikivuja ndani ya treni na kusafisha sakafu, na wote wawili wakapoteza maisha. Katika stesheni ya Kodenmacho, abiria mmoja alikipiga teke kifurushi ili kitoke ndani ya behewa, na sumu ikawakuta watu waliosimama kwenye jukwaa wakingojea treni. Hakuna aliyekuwa amewaambia watu hawa kwamba umajimaji usiojulikana hauguswi, haufutwi wala hausogezwi, bali unakimbiwa.

Sehemu ya pili ya kisa hicho ndiyo ningependa ijulikane zaidi, nayo ni ile ya hospitali. Hospitali ya St. Luke's pekee ilipokea watu 640 siku ile. Wengi walifika kwa miguu, kwa teksi au kwa magari ya watu waliowahurumia, wakaingia ndani na nguo zile zile walizokuwa nazo kwenye treni. Taarifa za kwanza zilizungumzia mlipuko, na saa tatu hivi zilipita kabla ya polisi kutangaza kwamba ni sarini. Katika muda huo mvuke uliobebwa na nguo ulisambaa wodini na katika kanisa la hospitali lililogeuzwa kuwa wodi, hata karibu robo ya wahudumu wakapata dalili wao wenyewe. Wengi wa wagonjwa wale 640 walikuwa na dalili ndogo tu, na mahututi walikuwa wachache. Katika tukio lolote la namna hii wenye hofu huwa wengi kuliko wenye sumu mwilini, nao huwahi mlangoni kwa sababu bado wana nguvu za kutembea.

Kuna jambo ambalo daktari wa wilaya hapa kwetu anaweza kulijua kuliko mwenzake wa mji mkubwa wa Ulaya. Sarini hushambulia mwili kwa njia ile ile ya baadhi ya dawa za kuulia wadudu shambani: mate na machozi humtoka mtu bila kikomo, jasho humlowesha, mboni za macho husinyaa, hutapika, na kifua hujaa makamasi hata akashindwa kupumua. Muuguzi aliyewahi kumhudumia mkulima aliyepuliza mahindi bila kinga, au kijana aliyekunywa dawa hiyo kwa kukata tamaa, amekwisha kuziona dalili hizi, na dawa ya kwanza, yaani atropini, anaijua. Ningeomba wanaopanga maandalizi ya taifa waanzie kwa wauguzi hao kabla ya kuagiza vifaa vya gharama kutoka nje.

Ushauri wa nchi za wazungu ni kufunga madirisha na kuziba nyufa kwa plastiki. Nyumba yangu ina matundu ya hewa juu ya kila dirisha, na jiko ni la makuti. Nizibe nini, niache nini?
*Mama mfanyabiashara, Kisauni, Mombasa*

Umeuliza swali ambalo waandishi wa miongozo hiyo hawakulifikiria, Mama, kwa kuwa waliandika kwa ajili ya nyumba zilizojengwa kuzuia baridi, ilhali zetu zimejengwa ili zipumue.

Kwa gesi, jambo la kwanza ni kuangalia upepo unavuma kuelekea wapi. Moshi wa jiko, bendera ya shule au khanga iliyoanikwa kwenye kamba vitakuonyesha. Ikiwa chanzo kiko mbali kidogo na njia iko wazi, ondoka kwa kuukata upepo ubavuni, wala usikimbie kuelekea upepo unakokwenda, kwa maana gesi nayo inakwenda huko huko. Gesi nyingi za sumu, zikiwamo klorini na mvuke wa sarini, ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama mitaroni, mabondeni na katika vyumba vya chini. Panda mahali pa juu. Ikiwa gesi imekwisha kuzingira nyumba na huwezi kutoka, ingia chumba chenye matundu machache, ghorofani kama ipo, zima feni, ziba matundu kwa nguo zilizoloweshwa, weka taulo lenye maji chini ya mlango na ungoje. Kinga hii ni ya muda mfupi, na gesi ikishapeperuka fungua kila kitu hewa safi iingie.

Kwa vumbi la mionzi hesabu hubadilika. Hapo kinachokukinga ni uzito wa kuta na dari iliyo juu yako, pamoja na umbali kati yako na vumbi lililotua nje. Makuti na mabati hayasaidii karibu chochote. Nenda kwenye jengo la zege lililo karibu, iwe ni shule, msikiti au ghorofa ya jirani, ukae chumba cha katikati, mbali na kuta za nje na mbali na paa. Usitoke kwenda kuwatafuta watoto walioko shuleni, kwa sababu walimu wao watakuwa wamewaingiza ndani, nawe ukitembea nje utajipaka vumbi bure kisha uwapelekee. Najua ni rahisi kuyaandika haya kuliko kuyatii.

Usipojua ni gesi au ni mionzi, jitenge na chanzo, ingia jengo imara, kisha washa redio ya betri usikilize tangazo la mamlaka.

Bibi yetu husema maziwa hukata sumu. Je, tuyaweke tayari nyumbani?
*Msomaji, Singida*

Mwekeeni chai, na bibi mumpe heshima zake, lakini maziwa msimpe mtu aliyepatwa na sumu. Gesi huingia kwa mapafu na ngozi, maziwa huingia tumboni, na hayo mawili hayakutani. Mgonjwa anayetapika au anayepoteza fahamu anaweza kupaliwa nayo yakaingia mapafuni. Kwa sababu hiyo hiyo usimlazimishe kutapika, hasa kama amekunywa mafuta ya taa au kitu kinachounguza.

Kinachosaidia kweli ni kuvua nguo. Kuvua nguo za nje peke yake kunaweza kuondoa sehemu kubwa sana ya uchafu wa sumu, na kwa vumbi la mionzi wataalamu hutaja hata asilimia 90. Hapa lazima niingie katika mambo madogo, kwa sababu ndiyo yanayosahaulika. Shati la vifungo hufunguliwa. Kanzu, dera, fulana na baibui havivutwi kupitia kichwani, kwa kuwa vikivutwa hivyo hupaka uso, macho na mdomo kile kilichokuwa kifuani. Vikatwe kwa mkasi kutoka shingoni hadi chini, hata kama dera ni la sikukuu. Wanawake wawahudumie wanawake, na watu wawili washike khanga iwe pazia, maana wako watakaokataa kuvua hadharani hata kama wanaungua, na kuwagombeza hakusaidii. Nguo zitiwe katika mfuko wa plastiki, ufungwe, utiwe katika mfuko wa pili na kuwekwa kando mbali na watu. Asipewe mtu, wala zisifuliwe mtoni.

Baada ya hapo oga kwa sabuni na maji mengi, ukianzia kichwani, bila kujisugua kwa nguvu. Macho yanayowasha yasafishwe kwa maji safi kwa dakika 10 hadi 15. Pasipo maji, gusagusa ngozi kwa karatasi laini au kitambaa kikavu ili kinyonye umajimaji, usiupanguse ukautandaza. Dawa ya kung'arishia nguo usiipake mwilini kamwe, na nyumbani usiichanganye na dawa ya kusafishia choo, kwani mchanganyiko huo wenyewe hutoa gesi ya sumu.

Nafanya kazi mapokezi. Nikifungua bahasha nikakuta unga ndani, nifanye nini?
*Karani, Nairobi*

Iache pale ilipo. Usiitikise, usiinuse, usimwite mwenzako aje kutazama. Ifunike kwa karatasi au kikapu cha taka, zima feni na kiyoyozi, waambie waliomo chumbani watoke, funga mlango, kisha kila mmoja anawe mikono kwa sabuni. Andika orodha ya wote waliokuwamo, kwa kuwa maofisa wa afya wataihitaji, halafu upige simu polisi.

Swali hili lina historia nchini kwako. Mwaka 2001 nchini Marekani barua zenye vimelea vya kimeta ziliwaambukiza watu 22 na kuwaua watano, wawili kati yao wakiwa wafanyakazi wa posta. Oktoba mwaka huo huo Kenya ilitangaza kwamba barua iliyotoka Marekani ilikuwa na kimeta, habari ikazunguka dunia, na vipimo vya baadaye vikaonyesha kwamba haikuwa nacho. Unga mwingi unaozua taharuki huishia hivyo hivyo. Ukumbuke pia kwamba kimeta hakiambukizi kama mafua kutoka kwa mtu hadi mtu, na antibayotiki zikitolewa mapema huzuia maradhi. Wafugaji wetu wanakifahamu kwa mizoga ambayo wazee walikataza isipasuliwe, nao walikuwa na haki.

Tunanunua chuma chakavu. Tumesikia habari za mionzi na vidonge vya iodini. Je, tuvinunue?
*Kikundi cha vijana, Dar es Salaam*

Vijana, kati ya wote walioandika, nyinyi ndio niliofikiri zaidi juu yenu. Septemba 1987, katika mji wa Goiânia nchini Brazili, watu wawili waliingia katika kliniki iliyohamwa wakachukua sehemu ya mashine ya kutibia saratani ili wauze chuma. Ndani mlikuwa na seziamu 137, madini yenye mionzi. Mwenye duka la skrepa aliona unga uliokuwa uking'aa buluu gizani, akaupenda, akawagawia ndugu na marafiki. Mtoto wa miaka sita alikula huku mikono yake imepakwa unga ule. Majuma mawili hivi yalipita, watu wakitapika na kubabuka ngozi, mpaka mke wa mwenye duka alipoanza kushuku, akakipeleka kifaa kwa basi hadi ofisi ya afya. Mwanamke yule na mtoto yule walikuwa miongoni mwa wanne waliofariki. Watu wapatao 112,000 walipimwa uwanja wa michezo, na waliokutwa na uchafu wa mionzi walikuwa 249.

Hapakuwa na gaidi katika kisa hicho, lakini anayetaka kutisha umma kwa mionzi angetafuta kifaa cha aina hiyo hiyo kilichotelekezwa, na mnunuzi wa skrepa anaweza kuwa mtu wa kwanza kukiona. Jueni alama yake: mabawa matatu meusi katika rangi ya njano, na tangu mwaka 2007 ipo pia pembetatu nyekundu yenye fuvu na mtu anayekimbia. Kipande kidogo kizito kupita kiasi, kilichofungwa ndani ya madini ya risasi au chuma kinene, chenye alama hiyo au kilichotoka hospitalini au kiwandani bila maelezo, msikikate wala kukipiga nyundo. Rudini nyuma, wazuieni wengine, na mtoe taarifa polisi au Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania.

Vidonge vya iodini msinunue. Hulinda tezi ya shingo peke yake, dhidi ya iodini yenye mionzi peke yake, ambayo hutokana hasa na ajali za vinu vya nyuklia. Kwa seziamu haviwezi kitu. Chumvi ndiyo kabisa. Baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Fukushima, Japani, mwaka 2011 watu nchini China waliyavamia maduka wakamaliza chumvi yenye iodini, na hawakupata kinga yoyote.

Ninaishi Muscat. Nimeona barakoa za gesi zikiuzwa, je, niwapelekee wazazi wangu Unguja?
*Msomaji, Oman*

Hapana. Barakoa hiyo hufaa ikiwa inamkaa mtu barabara usoni, chujio lake ni la gesi inayohusika na halijapitwa na muda, na awe nayo mkononi dakika ile ile. Ndevu za mzee pekee zinatosha kuifanya ivujishe. Wapelekee redio ya betri na ndoo za maji zenye vifuniko.

Ugonjwa ukizuka, tutajuaje kama umepandikizwa na mtu au ni wa kawaida?
*Mhudumu wa afya ngazi ya jamii, Bukoba*

Hutajua, na hata wataalamu huenda wasijue upesi. Mwaka 1984 katika mji wa The Dalles, jimbo la Oregon nchini Marekani, watu 751 waliugua baada ya wafuasi wa kundi moja la kidini kuweka bakteria wa salmonela katika vyakula vya migahawani. Wachunguzi waliwashuku wapishi kwa uchafu, na ukweli ulijitokeza mwaka uliofuata, pale kiongozi wa kundi alipowageuka wenzake.

Mkoa wako una mfano ulio bora kuliko huo. Homa ya virusi vya Marburg ilipozuka Kagera mwaka 2023, watu tisa waliugua na sita wakafariki, na mlipuko ukatangazwa kumalizika tarehe 2 Juni. Hakuna aliyeupandikiza, lakini kilichouzuia usienee ndicho ambacho kingezuia hata ule wa kupandikizwa: mtu alitoa taarifa kwamba vifo katika familia moja vimefuatana kwa namna isiyo ya kawaida, maabara ikapima, na waliokutana na wagonjwa wakafuatiliwa kila siku. Usingoje uwe na uhakika. Wagonjwa watatu wenye dalili zinazofanana katika mtaa mmoja, au mifugo inayokufa pamoja na watu, ni habari ya kupelekwa kituoni siku hiyo hiyo, nawe usione haya ikibainika kwamba ilikuwa ni chakula kilichochacha.

Mimi ni dereva wa bodaboda. Nikikuta watu wameanguka barabarani na kuna harufu kali, niwabebe au niwaache? Dini yangu hainiruhusu kuwapita.
*Msomaji, Tunduma*

Dini yako haikuamrishi uwe maiti wa pili, ndugu yangu. Sisi watu wa huku tuna desturi ya kukimbilia tukio, wengine kwa huruma, wengine kwa udadisi, wengine kwa kutafuta cha kuchota. Tarehe 7 Agosti 1998 jijini Nairobi, wengi walisogea madirishani waliposikia kishindo cha kwanza karibu na ubalozi wa Marekani, na bomu lilipolipuka vioo vikawapofusha. Agosti 2019 mjini Morogoro zaidi ya watu 100 walikufa kwa kulizunguka lori la mafuta lililopinduka, likalipuka. Barabara yako hupitisha malori ya mizigo ya kemikali usiku na mchana, kwa hiyo swali lako si la nadharia.

Ukiona watu kadhaa, au watu na ndege na mbwa, wameanguka pamoja bila jeraha, simamisha pikipiki mbali, upande upepo unakotokea, na uwazuie wanaokuja nyuma yako. Kaa hapo upaze sauti: wanaoweza kutembea au kutambaa waje kwako, wavue nguo za nje na wajimwagie maji. Nchini Tanzania piga 112 kwa polisi au 114 kwa Zimamoto, na wenzetu wa Kenya wapige 999 au 112. Sema ni watu wangapi, wana dalili gani, upepo unavuma kwenda wapi, na kama lori lina bamba la rangi ya chungwa, soma namba zake kutoka mbali.

Ikiwa huna budi kumpeleka mtu hospitalini, asipakiwe kabla hajavua na kuoshwa. Piga simu kabla ya kufika, na ukifika msimame getini, nje penye hewa, umwambie mlinzi kwamba mgonjwa amegusana na kemikali na kwamba nawe umembeba, ili wauguzi waje wakiwa wamevaa glavu na vifaa vya kinga, na wakuoshe wewe pia pamoja na kiti cha pikipiki.